Ukurasa wa pili wa taarifa yenu: barua ya wazi kutoka kwa mama mwenye usonji

Kwenu mnaosimamia shule, kliniki na ofisi za ustawi wa jamii, na kwenu mnaoandika sera ambazo ofisi hizo huzitekeleza,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa msichana wa miaka tisa mwenye usonji, ile hali ya kuzaliwa nayo ambayo Kiingereza huiita autism. Mimi pia nina usonji. Sentensi hiyo ya pili sijawahi kuiandika katika barua inayokwenda ofisini, ingawa ni miaka minne sasa tangu nithibitishiwe. Niliogopa mtaifanyia nini. Hofu hiyo ni sehemu ya barua hii, nitaifikia.

Nianze na karatasi moja. Baada ya kikao cha kupanga masomo ya binti yangu nilipewa nakala ya taarifa. Ukurasa wa pili, chini ya kichwa kinachohusu mazingira ya nyumbani, pameandikwa hivi: mama hatazami wajumbe usoni, mama hajibu maswali kwa wakati, mama haonyeshi hisia, ushirikiano wa familia ni hafifu. Mistari minne. Nimeisoma mara nyingi hata naiona nikifumba macho.

Naomba niwaeleze kikao kile kilivyokuwa upande wangu wa meza. Tulikuwa watu wazima saba. Taa ya mrija juu ya kichwa changu ilikuwa inavuma, ule mvumo mwembamba ambao wengi wenu hamuusikii. Aliyekaa kulia kwangu alikuwa anabofya kalamu. Mwenyekiti akauliza maswali matatu kwa pumzi moja: mtoto analalaje, nini kinamkera, na je, nyumbani tumeshaujaribu ule mpango wa zawadi? Nilikuwa bado nalikusanya jibu la swali la kwanza alipomgeukia mtu mwingine. Macho yangu yalikuwa kwenye ukingo wa meza, kwa sababu nikimtazama mtu machoni simsikii tena anachosema. Uso una habari nyingi mno, na kwangu zinaingia zote kwa pamoja. Niliutazama ukingo wa meza ili nisikilize. Huko ndiko kulikuwa kushirikiana kwangu, na nilishirikiana kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Majibu yote matatu niliyapata saa mbili baadaye, nimekaa chumbani taa imezimwa. Niliyaandika ukurasa mmoja na nusu, pamoja na tarehe na saa za usingizi wa mtoto kwa wiki sita. Kesho yake nikayapeleka. Nikaambiwa kikao kimeshafungwa.

Sasa rudini ukurasa wa kwanza wa taarifa hiyohiyo, unaomhusu binti yangu. Mtoto hatazami usoni. Mtoto huhitaji muda kabla ya kujibu. Hisia zake hazisomeki kwa urahisi. Kisha yanafuata mapendekezo mazuri kabisa, ambayo nawashukuru kwayo: aulizwe swali moja moja, apewe muda, asilazimishwe kumtazama mtu machoni. Mwandishi ni yuleyule na siku ni ileile. Kwa mtoto tabia hizo zimeitwa mahitaji. Kwa mama zimeitwa kasoro. Katika watu sita waliotia saini, hakuna aliyeurudia ukurasa wa kwanza na kujiuliza.

Na sababu ya kujiuliza ilikuwapo. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi wa kumbukumbu za watoto zaidi ya milioni 2 kutoka nchi tano, nao ulikadiria kwamba takribani asilimia 80 ya tofauti zinazohusu nani ana usonji na nani hana katika jamii inatokana na vinasaba vya kurithi. (Haina maana kwamba mzazi mwenye usonji ana uwezekano wa asilimia 80 wa kumzaa mtoto mwenye usonji. Tafsiri hiyo nimeisikia kwenye korido zenu, na inawatisha watu bure.) Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Amesemwa mtu, si mtoto peke yake. Watoto wenye usonji wanakua, wanafanya kazi, wanapenda, wanazaa. Kwa hiyo katika kila foleni ya wazazi iliyoko nje ya mlango wenu wamo watu kama mimi, na huenda wengine bado hawajijui. Lakini fomu zenu, huduma zenu na hata viti vyenu vimepangwa kana kwamba usonji unaanzia kwa mtoto na kuishia hapohapo.

Mimi mwenyewe sikujijua mpaka nilipowekewa mkononi lile dodoso la tathmini ya binti yangu. Nililijaza usiku, mezani, yeye amelala. Je, mtoto hufadhaika ratiba ikibadilika ghafla? Je, husikia sauti ambazo wengine hawazijali? Nilipofika katikati nikaweka kalamu chini. Nilikuwa nimejibu maswali mawili kwa kumbukumbu zangu mimi, si zake. Niliyafuta, nikaanza upya, nikajikuta nimefanya vilevile. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Kabla ya usiku ule nilikuwa nimepewa majina mengine: mkaidi, mwenye kiburi, mgumu wa moyo, na baadaye kidogo mgonjwa wa wasiwasi. Wasichana wengi wa rika langu walipitwa hivyo. Watoto 11 ambao Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto huko Marekani, aliwaeleza mwaka 1943, katika makala iliyoufanya usonji ujulikane kwa jina hilo, walikuwa wavulana 8 na wasichana 3, na kwa miongo mingi baada ya hapo picha ya usonji vichwani mwa watu ilibaki ya mvulana.

Makala hiyo ya Kanner inanihusu kwa njia nyingine pia. Aliandika kwamba watoto wale walizaliwa hivyo walivyo. Lakini aliwaeleza na wazazi wao, akasema ni wachache mno kati yao waliokuwa na joto la moyo, na mwaka 1949 akasema ni kana kwamba watoto hao waliwekwa ndani ya jokofu lisiloyeyusha barafu yake. Bruno Bettelheim, aliyeendesha shule ya watoto huko Chicago, akalichukua wazo hilo akalipeleka mbali zaidi: ubaridi wa mama ndio unaomtia mtoto usonji, na tiba ni pamoja na kumtenga mtoto na wazazi wake. Akina mama wa wakati ule walilelewa na kauli hiyo kama sisi tulivyolelewa na methali ya mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Waliiamini. Walikwenda kujitafuta kosa.

Aliyeanza kuibomoa nadharia hiyo kwa hoja, mwaka 1964, ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia ambaye mwanawe alikuwa na usonji. Mwaka 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa jozi 21 za pacha: kati ya jozi 11 za pacha wanaofanana kabisa, 4 zilikuwa na usonji wote wawili, na kati ya jozi 10 za pacha wasiofanana, hakuna hata moja. Ushahidi ulielekea kwenye urithi, si kwenye ubaridi wa mama. Kisha Lorna Wing, daktari wa magonjwa ya akili wa Uingereza, mama wa binti mwenye usonji, akaupanua uelewa wetu kuhusu nani anaweza kuwa na usonji kuliko karibu mtu mwingine yeyote. Angalieni waliotangulia kuona: wawili kati yao walikuwa wazazi ambao waliishi na jambo hilo usiku na mchana.

Nadharia ya jokofu haifundishwi tena. Hata hivyo nikiusoma ule mstari wa "mama haonyeshi hisia", naona haikuzikwa ikakaa. Na kuna jambo linalonirudia kila mara, ambalo siwezi kulithibitisha wala sidai kulithibitisha: katika wale akina mama walioandikwa kuwa baridi, ni wangapi walikuwa kama mimi? Ni wangapi walikaa mbele ya daktari wakitazama ukingo wa meza, wanampenda mtoto kwa kifua kizima, na uso wao haukulisema?

Sasa niwapeleke nyumbani kwangu, kwa sababu huko ndiko msikofika.

Binti yangu akifurahi hutoa sauti moja ya juu, ndefu, isiyopanda wala kushuka, na wakati huohuo anagonga kijiko kwenye ukingo wa sufuria tupu. Anaweza kuendelea nusu saa. Kwake sauti ile inaupanga mwili, kama mtu anavyojinyoosha akiamka. Kwangu inaingia sikioni kama sindano. Mwaka 2013 Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliziingiza hisi rasmi katika vigezo vyake vya usonji: wapo wanaoelemewa na sauti, mwanga au mguso, na wapo wanaovitafuta. Mimi naelemewa. Yeye anatafuta. Hakuna mtaalamu aliyewahi kuniambia la kufanya pale wawili hao wanapoishi chini ya paa moja na mmoja wao ndiye mzazi. Hakuna, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba tuko wawili.

Sitawaficha kitu. Kuna siku nilimpigia kelele. Nilikuwa nimetoka katika siku yenye simu nyingi na watu wengi, sauti ya kijiko ikawa ndiyo tone la mwisho, nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. Akajiziba masikio, akaingia chini ya meza, na kwa siku mbili hakutoa sauti yoyote. Nyumba ilikuwa kimya, kimya nilichokuwa nikikitamani, na sijawahi kuishi siku mbili mbaya kama zile.

Baada ya hapo tulikata kadi mbili za boksi, yake na yangu, tukazitundika kwenye mlango wa jikoni. Upande mmoja wa kijani, upande wa pili mwekundu. Kijani maana yake masikio yana nafasi. Nyekundu maana yake yamejaa. Sheria ni chache: yeyote anaweza kugeuza kadi yake wakati wowote, haulizwi kwa nini, na nyekundu si adhabu kwa mwenzake. Yangu ikiwa nyekundu, yeye huchukua kijiko na mfuniko mkuukuu akaenda chumbani kwake akafunga mlango, au mimi navaa vizibo vya masikio. Yake ikiwa nyekundu, mimi naacha kuuliza maswali na taa kubwa naizima. Ilituchukua miezi mitatu kuizoea.

Jioni moja nilirudi kutoka kwenye ofisi mojawapo ya zenu. Sikusema neno. Nilisimama jikoni na begi bado begani. Binti yangu aliitazama mikono yangu, si uso, mikono, kwa muda. Kisha akaenda mlangoni, akaigeuza kadi yangu ikawa nyekundu, akachukua kijiko chake, akaenda chumbani na kufunga mlango polepole ili kitasa kisilie.

Katika taarifa yenu mtoto huyu ameandikwa kwamba ana upungufu katika kutambua hali za wengine.

Sisemi kwamba namjua kwa kuwa tu tunafanana. Nimekosea pia kwa kudhani hivyo. Kwa miaka mitatu nilimweka mbali na sherehe zote zenye muziki mkubwa, nikiamini namkinga na mateso ninayoyajua mwilini mwangu. Halafu siku moja shuleni kwao kukawa na tafrija na sikuweza kumzuia. Nilimkuta amesimama ubavuni mwa spika kubwa, kiganja amekibandika juu yake, anacheka mpaka machozi yanamtoka. Mimi nilikuwa langoni na vidole masikioni. Miaka mitatu nilikuwa nimemnyima hilo. Watu wenye usonji hatulingani. Wengine hawasemi kabisa maishani mwao, wengine wanahitaji mtu wa kuwahudumia mchana na usiku, na mimi siwezi kuwasemea wote. Ninachodai ni kidogo kuliko hapo: kwamba nina maarifa fulani ambayo hamna, na mmeyaacha nje.

Nitoe mfano. Mwalimu wake aliandika kwamba kila siku, dakika za mwisho za kila kipindi, mtoto anaacha kuandika, anajiziba masikio na kukataa maelekezo. Akaliita ukaidi, na mpango wa kumrekebisha ulikuwa umeshaanza kuandaliwa. Nilimuuliza swali moja tu: kengele inalia saa ngapi? Akanitajia. Nikamwambia basi hakatai somo, anaisubiri kengele. Anajua kusoma saa, anajua inakuja, na hawezi kushika kalamu wakati mwili wake wote umejikaza kuingoja. Nilijua kwa sababu nilifanya hivyohivyo katika darasa langu, miaka yote ya shule, na hakuna aliyejua, kwa kuwa mimi nilikuwa nimejifunza kuinama na kujifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Mwalimu yule, na namshukuru kwa dhati, hakubishana. Alianza kumpa ishara kwa mkono sekunde chache kabla kengele haijalia, ili aandike kwa utulivu mpaka wakati huo. Ndani ya wiki moja ule ukaidi haukuwepo tena. Hapakuhitajika fedha, mafunzo wala kikao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nami kitanda kile nimekilalia.

Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye naye ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao ni tatizo la pande mbili. Sisi tunashindwa kuwasoma ninyi, nanyi mnashindwa kutusoma sisi, ila lawama imekuwa ikiwekwa upande mmoja. Mwaka 2020 mtafiti Catherine Crompton na wenzake walichapisha jaribio ambamo hadithi ilipitishwa kutoka mtu hadi mtu katika mnyororo wa watu wanane. Minyororo ya watu wenye usonji peke yao iliihifadhi hadithi sawa na minyororo ya wasio na usonji. Ina maana kwamba tunapozungumza sisi kwa sisi, habari inafika. Nyumbani kwangu inafika kila siku, kwa kadi, kwa kijiko, kwa kukaa kila mtu na kitabu chake kwenye zulia moja bila kusemezana. Mnapokuja na kuandika kwamba "mawasiliano ya mama na mtoto ni machache", mmehesabu maneno.

Kuna jambo kubwa zaidi ninalotaka kuwaomba, na hili nawaomba kama mtu aliyelipitia mwenyewe. Katika mpango wa binti yangu, lengo la nne linasema afundishwe kutuliza mikono. Akiwa na furaha au hofu anaipepea mikono yake kama mtu anayekausha maji. Haimuumizi. Haimuumizi mtu mwingine. Limewekwa kwa sababu inaonekana.

Mimi mikono yangu niliituliza nikiwa na miaka kumi na moja. Hakuna aliyenipa mpango wa maandishi. Kicheko cha wenzangu kilitosha. Niliikalia. Nikajifunza kutazama kati ya nyusi za mtu ili adhani namtazama machoni. Nikajifunza kucheka wanapocheka, nusu sekunde nyuma, kisha robo, mpaka ikawa haionekani. Nilifaulu sana, na kufaulu kwangu ndiko kulikowafanya watu waseme sina tatizo lolote. Kila jioni nilirudi nyumbani sina hata neno moja lililobaki, nalala sakafuni kwa kuwa kitanda kilikuwa laini mno kuvumilika. Nilidhani kila mtu anaishi hivyo na wengine wanavumilia vizuri zaidi. Kujificha namna ile kulinila miaka. Wataalamu siku hizi wanalijua hilo, wanaliandika, wanalihusisha na msongo na mfadhaiko kwa watu wazima wenye usonji. Halafu mnamwandikia mwanangu lengo la nne.

Lifuteni. Kama kuna siku mikono yake itamdhuru yeye au mwenzake, niiteni tuzungumze siku hiyohiyo. Vinginevyo iacheni ipepee.

Sasa nije kwenye hofu niliyoitaja mwanzoni. Ninawajua wazazi, baba na mama, ambao wamethibitishiwa usonji na hawajawahi kumwambia mtu yeyote shuleni wala kliniki. Wapo wengine wanaojishuku na wamekataa kupimwa. Ukiwauliza sababu wanashusha sauti: wataniandika kwamba siwezi kulea, watamchukua mtoto. Mnaweza kusema hofu hiyo haina msingi katika ofisi yenu. Inawezekana. Lakini mtu akishasoma taarifa kama ile yangu, atajuaje?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasema wazi katika ibara ya 23 kwamba mtoto hatatenganishwa na wazazi wake kwa sababu ya ulemavu wa mtoto, au wa mzazi mmoja, au wa wote wawili. Watetezi wengi wa haki wanalikumbuka hilo. Kuna sehemu ya ibara hiyohiyo inayosahaulika haraka: kwamba serikali zitawapa watu wenye ulemavu msaada unaofaa katika kutekeleza wajibu wao wa malezi. Msaada kwa mzazi. Ninyi mmeshamsaidia mtoto wangu, na sijasahau. Mimi sijawahi kuulizwa nahitaji nini niweze kuwa mama yake mbele ya meza zenu.

Basi nijibu kana kwamba nimeulizwa.

Nitumieni ajenda ya kikao na maswali yenu siku saba kabla. Mkitaka kuuliza zaidi pale mezani, swali liwe moja, kisha mnyamaze. Kimya changu mtakiona kirefu kuliko kilivyo. Pokeeni majibu ya maandishi na myahesabu kuwa ni majibu, hata yakija kesho yake. Msinipigie simu bila taarifa. Najua kanuni inasema mzazi hupigiwa simu, lakini kwenye simu sauti inanifikia vipandevipande, na nikiwa na hofu juu ya mtoto sipati hata vipande. Siku binti yangu alipoanguka uwanjani nilipigiwa mara nne, na mara zote nne nilisikia jina lake na neno "haraka" tu. Ujumbe wa mstari mmoja ungenieleza kwamba ni goti.

Watumishi wenu wafundishwe na watu wazima wenye usonji, na watu hao walipwe kama mnavyowalipa wakufunzi wengine. Siku hizi tunaitwa kutoa ushuhuda, tunalia mbele ya ukumbi, tunapewa cheti. Ushuhuda ni mzuri, ila hakuna mtaala unaobadilika kwa ushuhuda.

Mtoto akithibitishwa kuwa na usonji, wazazi waelezwe kwa upole kwamba jambo hili hutembea katika familia, na kwamba wakitaka nao kupimwa, njia ipo. Wakitaka. Isiwe sharti, isiandikwe kwenye jalada la mtoto bila ridhaa yao, na isije ikasomwa siku nyingine kama ushahidi dhidi yao. Mimi ningeelezwa hivyo siku ile, ningeokoa mwaka mzima wa kujiona mama mbovu.

Na mnapoamua mambo ya watoto wetu, sisi tuliokua na usonji tuwe mezani, wenye kura. Asiyekuwepo na lake halipo. Limekuwa halipo muda mrefu.

Kikao kijacho cha binti yangu ni mwezi ujao. Nitakuja nimevaa vizibo vya masikio. Nitaomba kukaa mbali na ile taa, karibu na dirisha. Macho yangu yatakuwa kwenye ukingo wa meza. Huenda mikono yangu ikaanza kupepea, kwa kuwa nimeamua kutoikalia tena mbele ya mtoto wangu.

Ile mistari minne ya ukurasa wa pili naomba iondolewe kwenye jalada, au iandikwe upya na mtu aliyesoma barua hii mpaka hapa. Yale majibu ya maswali matatu, ukurasa mmoja na nusu, pamoja na saa za usingizi za wiki sita, nimeyaambatisha tena.

Wenu,

Mama yake